Mfungaji Bora wa Pungani

Jumanne ya tarehe kumi na saba, mwezi wa tatu, saa tatu na robo asubuhi, Serikali ya jiji letu ilisikia. Naitaja hadi saa kwa sababu kabla ya hapo ilikuwa haijawahi kusikia kitu, na mabaya yote ninayoyasimulia hapa yalianza dakika ile iliposikia.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Ina majina mengi ya heshima, na mimi shuleni sikuingia, nisije nikaruka jina moja nikashtakiwa. Itoshe kusema ni nchi tulivu, ina ziwa, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na ina viongozi wanaotupenda kupita tunavyoweza kuvumilia.

Kando ya ziwa hilo, katikati ya jiji, palikuwa na mahali tulipopaita Pungani, kwa kuwa watu walikwenda pale kupunga upepo jua likishazama. Ulikuwa ukingo mmoja wa mawe, huku samaki, kule bia, pale ndizi na mishikaki, na katikati bendi ya Mwendo Pole, iliyokuwa na magitaa matatu na nyuzi kumi na moja kwa jumla. Mtu akipata mshahara alikwenda Pungani kufurahi. Akikosa, alikwenda Pungani kumsikiliza aliyepata. Mimi na mke wangu Nyamizi tulikuwa na meza ya sato wa kukaanga, ya mwisho kabisa, karibu na ngazi za kushukia majini.

Basi asubuhi hiyo ya Jumanne wakaja mgambo sita na ndoo ya gundi. Walibandika tangazo kila meza na kila nguzo, na moja wakalibandika mgongoni mwa mpiga ngoma wa bendi aliyekuwa amejilaza kwenye benchi. Hakuamka. Alikwenda na tangazo hilo hadi kwake, mkewe akalisoma akadhani ameachishwa kazi, na kweli alikuwa ameachishwa.

Aliyetusomea ni Mama Chausiku, muuza bia, kwa sababu ana miwani.

"Kufuatia kilio cha muda mrefu cha wananchi wenyewe," akasoma, "na hasa barua ya mwananchi mzalendo Bi. Nyamizi Lugendo, Jiji limesikia. Ukingo wote wa Pungani umefungwa kuanzia leo."

Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akalisoma tena lile jina kimoyomoyo. Kisha shingo zote zikanigeukia.

"Shemeji," akaniita. Alikuwa akimwita Nyamizi dada, kwa hiyo mimi nilikuwa shemeji yake tangu meza zetu zilipokaa jirani. "Shemeji Lugendo, niambie nimesoma vibaya."

"Umesoma vizuri kuliko mimi."

"Nyamizi aliandika barua tufungwe?"

"Barua aliandika. Lakini aliomba taa."

"Aliandika barua ngapi?"

"Moja."

"Sasa mtu anaomba taa anapewa kufuli?"

Nikaanza kufuta meza yangu ya sato. Na mtu asiye na jibu mbele ya watu sitini waliofukuzwa kazi, huyo ameshakubali kosa.

*

Ngoja niwaeleze ile barua, maana nilikuwepo inaandikwa, mimi ndiye niliyeshika kibatari.

Ilikuwa miaka minne kabla ya hapo. Pungani haikuwa na taa ya Serikali hata moja. Kila mwenye meza alijimulikia samaki wake, lakini ngazini palikuwa giza kama ndani ya mtungi, na mawe yalikuwa yanang'oka. Nyamizi alikuwa na darasa la saba kamili na mwandiko wa kuchorwa. Akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa niaba ya wote, akaipeleka Jiji kwa miguu yake. Wakamwambia itafanyiwa kazi.

Miaka miwili ikapita inafanyiwa kazi. Jioni moja, saa mbili, wateja wamejaa, Nyamizi akashuka kuchota maji ya kuoshea samaki. Ngazi ya tisa haikuwepo. Mimi nilikuwa nageuza sato. Nilisikia ndoo ikigonga mawe, nikasema ndani ya moyo, huyu mwanamke ataniharibia ndoo yangu. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mke wangu, na nashukuru kwamba hakulisikia.

Ripoti ya Jiji ilitoka haraka, hiyo haikukaa miaka. Ilisema marehemu alikanyaga mahali ambapo hapakuwa na ngazi, kinyume cha utaratibu.

Watu wa Pungani walimzika kama ndugu. Kila mwaka, tarehe aliyofariki, walikuja wote na majembe na mapanga kufyeka kaburi lake, Mama Chausiku mbele, bendi nyuma ikipiga bila gitaa, kwa midomo tu. Kumbukeni hilo. Nyumba sina, shamba sina, watoto Mungu hakutupa. Nilichobaki nacho duniani ni jina zuri la yule mwanamke midomoni mwa watu wale.

*

Katika nchi yetu jambo haliwi mpaka lizinduliwe. Kwa hiyo baada ya siku kumi ukafanyika Uzinduzi Rasmi wa Ufungaji wa Pungani. Mahema yakaja, viti vyeupe vikaja, bendi ya tarumbeta ya mgambo ikaja kupiga kwa nguvu zote kushangilia kwamba kelele zimekwisha.

Mgeni rasmi alikuwa Mstahiki Meya, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Walimletea mkasi kwenye sinia kama ilivyo ada, naye akaushika, akausogelea utepe. Afisa wa itifaki akamrukia.

"Mstahiki, usikate! Hii ni shughuli ya kufunga. Utepe unafungwa."

"Nani anaufunga?"

"Wewe, Mstahiki."

Meya akaangalia zile ncha mbili. Jamani, yule mtu hakuwahi kufunga kitu maishani mwake, hata kamba za viatu hufungiwa na msaidizi. Alifunga mara ya kwanza, upepo wa Pungani ukafungua. Mara ya pili ukafungua. Mara ya tatu akafunga pamoja na tai yake, ikabidi aokolewe kwa ule mkasi. Mwisho wakabandika utepe kwa gundi ya mgambo, wakasimamisha pembeni bango lenye jina la Nyamizi, tukapiga makofi kama tulivyoagizwa.

Ndipo akahutubia.

"Ndugu wananchi! Ziko serikali duniani ambazo wananchi wanalia na hazisikii. Sisi tumesikia! Mama wa kawaida, mama wa samaki, alichukua kalamu akasema, tufungieni! Nasi tumemfungia. Wataalamu wetu wameipima furaha ya Pungani, wamekuta imevuka kiwango kinachoruhusiwa kwa nchi yenye kipato kama chetu. Aidha, utafiti umebaini kwamba wakazi wa hapa hawalali."

"Wakazi gani?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Hapa wanaishi samaki!"

"Nao ni wakazi," akasema Meya. "Serikali hii haibagui."

Kisha wakaniita mbele kupokea tuzo ya marehemu. Nilidhani ni karatasi. Kumbe ni kikombe kikubwa chenye masikio mawili, juu yake mtu mdogo wa rangi ya dhahabu amenyanyua mguu anapiga mpira. Chini kimechongwa: MFUNGAJI BORA. Kilitolewa kwenye kabati la Afisa Michezo, kwa sababu ndicho kikombe pekee cha mfungaji walichokuwa nacho.

Nikashika kikombe cha mpira mbele ya watu niliokula nao miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningeshukuru.

Mama Chausiku alinipisha njia. "Hongera, Bwana Lugendo," akasema.

Bwana Lugendo! Shemeji imekufa.

Tangu siku hiyo nikipita sokoni nasikia, "Linda goli, mfungaji huyo!" Hayo niliyavumilia. Ila tarehe ya Nyamizi ilipofika, niliamka mapema, nikanoa mapanga mawili waliyoniachia mwaka uliopita, la Mama Chausiku na la mpiga ngoma, na langu la tatu, nikapeleka maji ya kunywa ya kutosha watu. Nikakaa kaburini hadi adhuhuri. Hakuja hata mpiga ngoma. Nikafyeka mwenyewe, nikarudi na maji yao.

Njiani nikaapa nitaiona ile barua, hata kama imewekwa chini ya kitanda cha Rais.

*

Barua za Jiji zinakaa masjala. Masjala ni chumba ambamo majalada yanalala na karani anayalinda yasiamshwe. Karani mwenyewe aliitwa Bwana Pastori, mtu mrefu, anachechemea kidogo, na jicho lake moja hutazama saa muda wote.

"Unataka nini, mzee?"

"Barua ya mke wangu."

"Ni ya mkeo au ni ya Serikali?"

"Aliiandika yeye."

"Ikishapokelewa ni ya Serikali. Anayetaka kuiona lazima awe ndiye aliyeandika, na aombe kwa maandishi."

"Aliyeandika amefariki."

"Pole sana. Alifariki kabla ya kuomba au baada ya kuomba?"

"Kabla."

"Basi hapo ndipo alipokosea."

Nilikwenda siku nne, nikapata pole nne. Siku ya tano nikabeba kile kikombe. Sikuwa na hila yoyote. Niliona tu kwamba nyumbani kwangu ndicho kitu pekee chenye nembo ya Jiji, labda kingenitambulisha. Nikakiweka mezani kwake.

Bwana Pastori akaacha kutazama saa. Akamgusa yule mtu wa dhahabu mguuni.

"Umekipata wapi hiki?"

"Nimepewa na Meya."

"Mzee wangu, hiki ni changu!" Akasimama, kuchechemea kumeisha. "Mwaka ule timu ya Jiji mimi ndiye mshambuliaji. Mabao kumi na tisa! Mguu ukavunjika nikitafuta la ishirini. Wakaniambia kikombe kinafanyiwa kazi. Miaka kumi na sita kinafanyiwa kazi!"

"Kichukue."

"Kweli?"

"Mimi sijamfunga mtu."

Alikifuta kwa shati lake, akakificha chini ya meza, akafunga mlango. Halafu, bila mimi kusema neno tena, akapanda ngazi ya mbao na kuliamsha jalada.

Ilikuwa ile ile karatasi ya daftari. Mwandiko nikautambua kabla sijaisoma, kama mtu anavyotambua mwendo wa mkewe barabarani. Pastori akanisomea taratibu, kidole kwenye mstari.

"Sisi wauzaji wa Pungani tunaomba Jiji litufungie… ukingo wote, hasa penye ngazi, maana ipo siku mtu ataanguka."

"Rudia."

"Litufungie ukingo wote."

"Hapo katikati umeruka."

"Sijaruka. Hapo katikati pana mhuri."

Ulikuwepo kweli, wa mviringo, wa zambarau, mkubwa kama mdomo wa glasi: IMEPOKELEWA. Karatasi nzima ilikuwa na nafasi, chini palikuwa peupe pa kulaza mtoto. Mhuri ukaenda kukalia neno moja tu.

Nikamwomba karatasi, nikaigeuza, nikaisogeza dirishani. Nyamizi alikuwa akikandamiza kalamu. Upande wa nyuma nikapapasa kwa kidole gumba, na kidole kikasoma. T. A. A. Ndilo neno la kwanza alilonifundisha kusoma nilipokuwa mtu mzima. Alisema ni rahisi, lina herufi mbili tu, moja imejirudia ili nisichoke.

"Litufungie taa," nikamwambia Pastori. "Litufungie taa ukingo wote."

Akaichukua, akapapasa naye. Akakaa.

"Mama yangu," akasema. "Tumefunga Pungani nzima kwa wino."

*

Kwa heshima ya kikombe chake, Pastori akaandika dokezo, nikaitwa mbele ya Kamati. Meya kiti cha katikati, Mwanasheria wa Jiji kulia kwake, na wengine wanane ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa.

Nikaeleza. Wakaipokezana barua, kila mmoja akapapasa mgongo wa karatasi kama wanunuzi wa kitambaa. Mwisho Mwanasheria akakohoa.

"Kamati izingatie," akasema, "kwamba mhuri ni wa Serikali na neno ni la raia. Vikigongana, anayepisha ni raia. Neno hili lilikaa mahali pa mhuri bila kibali."

"Mheshimiwa," nikasema, "neno ndilo lililokuwepo kwanza."

"Hata nyumba huwa zipo kwanza, nasi tunapitisha barabara."

Vichwa vinane vikatikisika.

Meya akainua mkono. "Ngojeni. Huyu mama aliomba nini hasa?"

"Taa, Mstahiki."

"Na tumempa?"

"Hapana, Mstahiki."

"Basi afungiwe taa! Tena zote! Nani anasema sisi hatusikii?"

Makofi. Mimi nikadhani nimeshinda. Nilisimama pale na kofia yangu mkononi, machozi yamenijaa kama mjinga.

"Kwa hiyo, Mstahiki, Pungani inafunguliwa?"

Makofi yakakatika.

"Kwani nani ameandika kuomba ifunguliwe?" akauliza Mwanasheria.

"Tunaomba sisi. Wauzaji wa Pungani."

"Wauzaji wa Pungani hawapo. Pungani imefungwa."

"Basi angalau mlitoe jina la mke wangu kwenye lile bango. Aliomba taa. Watu wanamchukia kwa kitu asichokiomba."

"Bango ni la Serikali," akasema Meya kwa ule upole wake. "Tukilifuta, wananchi watafikiri tulikosea. Wewe kama mzalendo unataka wananchi wapate mawazo kama hayo?"

Nikatoka. Siwezi kuwaeleza hasira yangu ilivyokuwa. Nilitaka kupiga kitu, nikatazama huku na huku, na kila kitu pale kilikuwa mali ya umma.

*

Taa zilifungwa kwa wiki moja. Nguzo thelathini na mbili, ndefu, za chuma, kila moja ina vichwa viwili. Zile zilizoshindikana miaka miwili mtu akiwa hai zilisimama siku saba mtu akiwa hayupo. Zinawaka mchana na usiku, hazizimwi, kwa sababu ufunguo wa kuzimia uko kwa afisa mmoja aliyekwenda semina ya kubana matumizi ya umeme.

Nimekwenda kuziona jana, saa saba mchana, jua utosini na taa zinawaka. Wameweka uzio wa waya. Ndani hakuna meza wala gitaa wala sisimizi. Langoni kuna mabango mawili yamekaa bega kwa bega. La kwanza: ENEO HILI LIMEFUNGWA KWA OMBI LA BI. NYAMIZI LUGENDO. La pili, jipya: TAA HIZI ZIMEFUNGWA KWA JUHUDI ZA MSTAHIKI MEYA.

Nguzo mbili wamezisimamisha ngazini, sawasawa kama alivyoandika. Zinamulika vizuri mno. Ngazi ya tisa bado haipo, ila sasa unaona vizuri kabisa kwamba haipo.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Mama Chausiku, na kapu la mayai ya kuchemsha kichwani, ndiyo biashara yake sasa, anayatembeza mitaani. Akalitua kapu. Akasoma bango la kwanza, akasoma la pili, akatazama zile nguzo moja moja hadi ya mwisho. Akavua miwani.

"Kumbe kweli aliomba taa," akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia." Akainama, akachukua yai, akaligonga kwenye nguzo ya uzio, akalimenya, akanipa. Sikuwa na njaa, nikalila. "Panga langu bado unalo?"

"Nimelinoa."

"Nitakuja kulichukua kulekule kaburini kwake. Nitawaambia na wengine."

Tukasimama. Mgambo mmoja akatupigia filimbi kutoka ndani, kwamba haturuhusiwi kutazama mwanga huo bila kibali. Mama Chausiku hakumgeukia. Alikuwa anazitazama zile taa, mkono umekinga macho, hajui akinge jua au akinge umeme.

"Shemeji," akasema, na neno lililokufa likafufuka, "hebu niulizie huko kwa wakubwa zako jambo moja tu."

Akaniambia jambo lenyewe. Nikaenda nyumbani, nikachana karatasi ya daftari, nikaliandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kwa herufi, saa nzima. Nimeandika mstari mmoja juu kabisa, na chini yake nimeacha uwanja mpana, mhuri ulale, ugaagae, usije ukasema ulikosa pa kukaa. Asubuhi ya leo Bwana Pastori ameugonga palepale nilipouachia, kwa uangalifu, ulimi nje kama anapiga penalti. Akaipeleka juu kwa mguu wake mbovu, akawasomea Meya, Mwanasheria, na vichwa vinane. Hakuna neno lililofunikwa, wote wameona, wote wamesikia, na hadi nawasimulia haya hakuna aliyefungua mdomo:

Taa hizi mnamwashia nani?